Zabibu kwenye Saladi ya Dorsey

Mdogo wangu Leotis,

Huku tu wazima, ila goti langu linalalamika, na kanisa limenunua piano mpya isiyo na mpigaji. Jumamosi jiji liliubatiza mtaa wetu upya: Mtaa wa Dorsey Pettiford.

Unajua dada yetu Earlene hakuikanyaga ile kona kwa miaka tisa, tangu polisi walipomuua mwanawe Dorsey akisubiri basi, kosa lake ngozi yake nyeusi. Alipangiwa avute kamba ya kufunua kibao cha jina la mtaa pale konani, akakataa. "Meya ana mikono, avute mwenyewe."

Basi nikampigia simu, nikamwambia saladi ya viazi ya sherehe anapika jirani yetu Vernetta, na anatia zabibu, jambo ambalo kwetu huvunja hata ndoa.

Akang'aka: "Zabibu? Kwa jina la mwanangu?"

Jumamosi saa sita mchana akatokea pale konani na kofia ya kanisani na beseni lake mwenyewe la saladi. Akampita meya kama anayepita nguzo. "Vernetta! Ziko wapi hizo zabibu, mwenzangu?"

"Zabibu gani? Mimi nimeleta soda!"

Earlene akanigeukia. "Alonzo, Mungu anakuona." Ndipo akainua macho, akajikuta chini ya kibao. Akanitwika beseni, akavuta kamba.

Tulilia, kisha tukacheza dansi tumejipanga mistari barabarani, meya akitukanyaga vidole. Earlene alibaki pale konani hadi jua likazama, akimpakulia kila apitaye: "Kula, mpenzi. Uko mtaani kwa mwanangu."

Kaka yako mwenye goti bovu na uongo mmoja,
Alonzo