Flaski Yako ya Strungi

Mama yangu mwenye flaski ya bluu,

Leo nimekukumbuka nikichemsha strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari. Uchungu wake! Na wewe ulikuwa ukiinywa huku unatabasamu, mwongo wewe.

Nianze na linaloniuma. Unaikumbuka siku tuliyoenda Kulamawe kwa wakwe zangu mara ya kwanza? Ulikuwa umeambiwa juzi tu kwamba una kisukari. Mama mkwe akaleta sufuria nzima ya chai ya maziwa, sukari imechemkia humo humo. Ukaniangalia. Nikakukanyaga mguu chini ya meza, nikakunong'oneza, "Mama, kunywa. Usiniaibishe." Ukanywa vikombe vitatu. Tuliporudi Isiolo ulilala siku nne, hata miraa yako hukwenda kuuza. Hukunilaumu hata siku moja. Afadhali ungenigombeza.

Halafu ukajiunga na kikundi cha Alhamisi pale ukumbi wa kanisa. Nilidhani mnapimwa sukari na kusomewa vyakula basi. Kumbe Halima, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alikuwa anawafanyisha mazoezi ya kukataa chai! Mmoja anakuwa mwenyeji, mwingine mgeni. Siku niliyokuja kukuchukua, mwenyeji ulikuwa wewe, mkono kiunoni: "Unakataa chai yangu? Kwani nimetia sumu?" Wamama walicheka hadi machozi. Mgeni wako, maskini, alikunywa.

Na dawa yake uliivumbua wewe. Mtu abebe flaski yake, lakini asijimiminie. Ampe mwenyeji kwa mikono miwili: "Nimiminie wewe, ndiyo iwe chai yako." Baada ya miezi michache kikundi kizima kilikuwa na flaski. Jioni ulininyooshea nyayo nizikague kama zina kidonda, nami nikilalamika nimechoka. Ningezipata hizo nyayo leo, Mama!

Siku hizi kile kiti chako cha Alhamisi nakikalia mimi. Ndiyo, hata mimi nina kisukari. Nilipoambiwa nilitoa simu nikupigie, ndipo nikakumbuka haupo.

Jumapili nilienda Kulamawe na flaski yako, ile yenye kifuniko kilichopasuka. Sufuria ilipoletwa, nikampa mama mkwe flaski kwa mikono miwili, nikasema maneno yako. Akaipokea.

"Mama yako alikunywa vikombe vyangu vitatu siku ile," akasema. "Nikaja kusikia baadaye kwamba alikuwa mgonjwa. Si angeniambia tu?"

"Nilimzuia mimi," nikamjibu. Sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu.

Akafungua flaski. Akanimiminia kikombe kikajaa, akajimiminia na chake. Akaonja, akakunja uso.

"Ni chungu, mwanangu," akasema, kisha akamaliza yote.

Nisamehe, Mama. Pumzika.

Ni mimi binti yako, niliyekukanyaga mguu.