Waya wa Kuanikia Nguo

Chumbageni, Tanga

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na karafuu, zimekauka, au mvua ya huko Pemba bado inawachezea shere? Sisi huku afya tunayo, alhamdulillahi. Nisichokuwa nacho ni uso wa kuzungumza nawe, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Ule mlangilangi ulionipa mche wake nilipooa, umekufa. Unakumbuka nilivyokupigia nikijigamba kwamba umechanua hata majani hayaonekani, Zuhura anatandaza maua kitandani na mengine anawagawia majirani? Haukupita muda, majani yakaanza kunyauka na matawi yakakauka kuanzia juu.

Basi nikatafuta mchawi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa akikaa nasi kumsaidia Zuhura na mtoto. Nikamwona anamwaga shinani maji aliyorowekea ng'onda, nawe wajua samaki yule alivyo na chumvi. Nikamwambia, tena mbele ya wageni wake, "Mama, umeniulia mti wa mama yangu." Alikunja khanga zake akarudi kwake Usagara. Zuhura tangu hapo akawa hanisemeshi ila kwa jambo la lazima.

Wiki iliyopita nikashika panga niukate ule mti. Panga likagonga chuma. Ulikuwa waya wa kuanikia nguo, niliouzungusha mimi mwenyewe na kuukaza kwa koleo wakati shina halijazidi mpini wa jembe. Shina likanenepa, waya haukulegea, ukazama ndani ya ganda hata ukawa hauonekani. Juu yake ganda limevimba kama kidole kilichobanwa na pete, na chini yake pamesinyaa.

Mama, mimi ninafundisha haya! Kila mwaka nachora ubaoni: maji hupanda kwa mirija iliyo ndani ya mti, na chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya ganda. Ganda likikabwa, majani hubaki kijani kwa muda, maana maji bado yanapanda, lakini mizizi inakufa njaa. Yale maua mengi niliyojigambia ni chakula kilichokwama juu. Nilisimama pale na panga langu, nikaona haya mpaka machozi yakanitoka.

Siku ile ile nikaenda Usagara. Nikamkuta Bi Mwanahawa anatoka uani na beseni, kaupita mlimau wake mwenyewe, anavuka barabara bajaji zinampigia honi, akamwage ng'ambo. Nikamuuliza mbona anakwenda mbali hivyo.

"Maji ya ng'onda haya, mwanangu," akasema. "Yana chumvi. Nisije nikaua mti mwingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampokea beseni, nikamweleza habari yote ya waya, nikamwomba radhi pale pale barabarani watu wakitazama, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele za watu. Akasema amenisamehe. Lakini jana Zuhura alikwenda kumwona, na ananiambia beseni bado linavuka barabara.

Nisalimie kaka Hamad na watoto wake. Shangazi aliyenichagulia mke usimwambie lolote, atanicheka mpaka Idi.

Na ukipata mche mwingine, Mama, usinitumie mimi. Mtumie Bi Mwanahawa, aone kuwa umetoka mkononi mwako.

Mwanao mwenye haya,
Salim