Maneno Matano ya Mbwa

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaleta mbwa wa kulinda stoo ya pampu za maji. Jitu zima! Kafunzwa Kihispania, ukimsemesha Kiswahili anakutazama tu. Walinzi tuko wawili, mimi wa mchana na Filimbi wa usiku. Tumeambiwa tushike maneno matano na tusimwambie mtu. Ven, njoo. Siéntate, kaa. Suelta, achia. Quieto, tulia. Calla, nyamaza. Haya.

Jumatano, 5 Machi
Mbwa kanidharau siku nzima. Nilikuwa namwambia siéntese, nilivyosikia kwenye masomo ya simu. Kumbe hiyo ni ya kumwambia mtu mzima unayemheshimu. Filimbi kacheka hadi kikohozi kikamshika — sema naye kama shoga yako, anasema, huyu si mkweo. Sasa mimi niliyelelewa kumwomba hata paka anipishe!

Jioni nimefanya mazoezi nikikata vitunguu. Siéntate! Baba Watoto akajibwaga sakafuni, ulimi nje. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Tangu kazi zake za bomba zilipokauka, hatujacheka hivyo. Akataka kuyajua yote matano. Nikamwambia. Mume si mtu wa nje.

Jumanne, 11 Machi
Pampu nne hazipo. Wavu wa nyuma umekatwa, na majirani hawakusikia mbwa. Filimbi anasema alisinzia kidogo. Kidogo! Nani mwingine anajua kumnyamazisha yule mbwa? Mimi nilikuwa kitandani, fofofo, hata Baba Watoto alipoingia sikumsikia.

Nimemwambia bosi ninachofikiri, sikumung'unya maneno. Filimbi kasimamishwa kazi. Kachukua koti lake na chupa ya chai, akanitazama, akaondoka.

Nyumbani Baba Watoto kaniuliza mara mbili kama na mimi wananishuku. Nikasema hapana. Akasema nisirudi nyuma, mwizi ni mwizi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimesahau miwani. Baba Watoto akaniletea — mara yake ya kwanza kufika kazini kwangu. Geti lilikuwa wazi, mbwa hajafungwa. Nikapiga kelele asisogee. Mbwa akamkimbilia, roho ikanipaa.

Akafika, akakaa. Hakuambiwa neno. Akapeleka pua kwenye mfuko wa kulia wa suruali ya mume wangu, akangoja, mkia unafagia vumbi.

Mbwa mpole kweli, Baba Watoto akasema. Hakuniangalia.

Si mpole. Juzi kamchania msoma mita suruali.

Labda alinusa harufu yangu kwenye nguo zake. Inawezekana, mimi ndiye ninayezifua. Lakini mbona mfuko ule?

Baada ya chakula nikamuuliza ile kazi ya kufunga pampu, aliyoniambia juzi kwamba kaipata, ni ya nani. Ya rafiki. Rafiki gani? Akaniwekea kidole mdomoni, taratibu. Calla, akasema. Kalitamka vizuri kuliko mimi. Nilingoja acheke, hakucheka. Naogopa, na ninaona aibu kumwogopa.

Kesho saa mbili naitwa ofisini, nirudie mbele ya polisi niliyosema juu ya Filimbi. Sare yangu Baba Watoto kaipiga pasi mwenyewe. Miaka kumi na moja ya ndoa, pasi hajawahi kuigusa. Kaitundika mlangoni, kola imesimama, na miwani yangu kaiweka kwenye mfuko wa juu nisiisahau tena.