Maktabani Sitoki

Tukuyu,
Jumapili jioni, mvua inanyesha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Mimi mwanao Yustina ni mzima, ukiacha mafua, na mafua huku Rungwe hatuyahesabu kuwa ugonjwa. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia mwenyewe au umeshamgawia jirani, kama kawaida yako? Na Baba, bado anagombana na redio? Huku jua tumelisahau. Nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka uvundo, na nikikumbuka uani kwetu Tabora, karanga zimeanikwa asubuhi na jioni zinalia kwa ukavu, naona wivu kabisa. Mume wangu Ambakisye anakuamkia. Wajukuu zako wanakula ndizi na kunenepa, na siku hizi wananisemesha Kinyakyusa kwa makusudi ili nisipoelewa wacheke.

Barua yako imefika. Niliisoma mbele ya jiko, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena, hasira zikanipanda mpaka chai ikachemka na kumwagika yote. Umeandika niende nikapige magoti kwa baba mkwe nimwombe radhi, eti nimemzuia mlangoni na kumwaibisha mbele za watu. Mama, siombi. Umenizaa, nakuheshimu, ukiniambia nirudi Tabora kwa miguu nitaanza kufunga mzigo. Hilo la radhi silifanyi. Aliyekuandikia ni shemeji yangu, kaka yake Ambakisye, na siku hiyo hakuwapo hata kidogo, alikuwa Isongole ananunua viazi vya kupeleka mjini. Sasa kaa kitako uyasikie kutoka kwangu mimi niliyekuwemo ndani.

Shemeji amekwambia kazi yangu ni kulinda chumba cha makaratasi. Ngoja nicheke! Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari, Mama. Hicho chumba nilikikuta vitabu vimelundikwa sakafuni na panya wamezalia ndani ya kamusi. Nimevipanga kwa somo, kila kimoja kina namba yake mgongoni na kadi yake kwenye sanduku, mtoto akitaka habari za mimea au za vita anajua rafu ya kwenda. Wale wa kidato cha kwanza nawafundisha kutafuta neno kwenye kamusi, maana wengine wanaianza ukurasa wa mbele kama hadithi. Vilivyochanika navishona kwa sindano na kuvigandisha kwa uji wa muhogo. Na unyevu wa huku, jamani! Kitabu ukikisahau kwenye rafu kinaota kuvu kama mkate. Kwa hiyo jua likichungulia tu, hata katikati ya kipindi, nawaita wanafunzi tunavitoa nje, tunavifungua juu ya nyasi na kuvigeuzageuza kama mnavyogeuza karanga ninyi, wingu likitokea tunakimbia navyo ndani. Walimu wananicheka. Wacha wacheke, lakini kile kitabu cha baiolojia wanachofundishia kimebaki kimoja shule nzima, na wanakuja kukiazima kwangu.

Sasa siku hizi ni soko huria, si unajua. Mkuu wetu wa shule, ambaye zamani alikuwa akituhubiria jembe, leo anahubiri mradi. Wameambiwa wazazi wachangie na shule zijitafutie, na yeye katika kujitafutia macho yake yakatua kwenye chumba changu. Ndicho chumba kizuri kuliko vyote, kinatazama barabara, kina sakafu ya saruji na umeme. Akaja bwana mmoja wa mjini, anauza mitumba na soda, akasema anakitaka awe anaonyesha video. Video, Mama! Ukuta mmoja na darasa la kidato cha nne! Kwenye kikao cha walimu nikauliza, na vitabu viende wapi? Mkuu akajibu, "Ghalani, Mwalimu Yustina. Vitakaa vizuri tu." Ghala lenyewe linavuja, tunawekea humo mbolea na majembe. Nikamwambia, ukivipeleka huko masika haya, mwakani uje kuvitoa kwa koleo. Akasema nisiwe mgumu, dunia imebadilika. Bodi ya shule nayo ikapitisha. Na mwenyekiti wa bodi unamjua ni nani. Baba mkwe wangu.

Unakumbuka kwenye harusi yetu ulivyonuna kwamba baba yake Ambakisye hakuja kunisalimia, ukasema watu hawa wana maringo? Hayakuwa maringo. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani uso, hawakai chini ya paa moja, hata jina lake silitaji. Vijana wengi wa mjini wameshaliacha jambo hilo, lakini mzee huyu ni wa zamani hasa. Na anayepisha ni mwanamke, Mama. Siku zote ni mwanamke. Mzee ana kikohozi chake, anakohoa kabla hajafika kona ya nyumba ili nijue anakuja, na mimi nikikisikia natoka mbio. Nimeacha ugali ukaungua. Nimechutama kwenye migomba mvua ikinipiga, mimba ya Tumaini imeshakuwa kubwa, namsubiri amalize mazungumzo na mwanawe. Kuna siku nilitokea dirishani na mtoto mgongoni! Mwanzoni nilimlalamikia Ambakisye, baadaye miguu ikazoea ikawa inaondoka yenyewe. Halafu mtu aniambie mimi sina heshima?

Basi, yule mfanyabiashara alikataa kukabidhiwa chumba na mtu mwingine yeyote. Alitaka mwenyekiti mwenyewe, kwa mkono wake, ndani ya chumba chenyewe, maana alisema viongozi wana kawaida ya kuruka maneno yao. Wakapanga siku. Asubuhi hiyo nilikuwa nagandisha atlasi iliyovunjika mgongo, kidato cha pili wamekaa wanasoma. Nikasikia kikohozi nje. Miguu ikainuka. Kweli, Mama, niliinuka na nikafika katikati ya chumba, brashi ya uji ikinidondokea kwenye sketi. Hapo nikawatazama wale watoto, nikazitazama rafu, nikaona kwamba nikitoka mlango huu leo ndiyo basi, nikirudi nitakuta watu wanatazama ngumi ukutani. Nikarudi nikakaa.

Kikohozi kikaja tena, kikubwa zaidi. Nikaendelea kupaka uji.

Mkuu wa shule akaingia peke yake, mwavuli unamchuruzika. "Mwalimu, mzee yuko nje."

"Nimemsikia."

"Basi toka apite."

"Niko kazini, Mkuu. Kazi inaisha saa kumi."

"Wewe! Mila huijui?"

"Naijua kukushinda, maana anayelowa ni mimi. Mila inasema nisimsogelee, na sijamsogelea. Yeye ndiye anayekuja nilipo."

Watoto waliacha hata kufunua kurasa. Mkuu akatoka, nikamsikia ananong'ona, halafu yule mfanyabiashara akacheka kwa sauti, "Yaani mzee mzima anashindwa na mkamwana?" Hilo ndilo lililouma, na aliyelisema si mimi. Baba mkwe alisimama upenuni mpaka mvua ikapungua, akaenda zake. Saa kumi nilifunga mlango, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake niliwahi kabla ya kengele, na kesho kutwa vilevile, na kila siku mpaka leo.

Mkuu naye amenionyesha cha moto. Chai ya walimu nimefutwa, nikipita chumba chao wanafunika birika. Ameniandikia barua ya onyo. Nimeipa namba nikaiweka kwenye rafu ya hadithi. Shemeji alikuja nyumbani akafoka weee, amesimama katikati ya sebule ananinyooshea kidole, na Ambakisye, yule mpole wangu unayemjua, akamwambia tu, "Kaka, chai yako inapoa." Ndipo alipoondoka akaenda kukuandikia wewe.

Sikufichi, niliogopa. Mkuu wa shule simwogopi, nilimwogopa mama mkwe. Nilijua siku moja atakuja, na kweli akaja, mchana, kanga imelowa chapa, kapu kichwani. Nikapiga magoti kumwamkia nikisubiri matusi. Akaitika kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akatua kapu kwenye meza ya wanafunzi, akakaa kwenye kiti cha mtoto, akaanza kuzitazama rafu moja baada ya nyingine. Kusoma hajui.

"Hivi vyote umevipanga wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Kula."

Alikuwa ameniletea ndizi za kupika na maziwa ya mgando. Nikala, ananitazama. Nilipomaliza akasema, "Baba mkwe wangu mimi amekufa uso wake sijauona. Nimekimbia mpaka nimezeeka, na sikuwa na mahali pa kusema hapa ni pangu, sitoki. Kaa, mwanangu." Akajitwika kapu lake akaondoka. Nililia, Mama, nililia mpaka makamasi, na wala sikujali wale wanafunzi walioingia wakanikuta hivyo. Kesho yake akaleta maharage.

Alhamisi bodi ikakaa tena. Mkuu wa shule alikwenda na maombi yake mawili, mtu mwingine akabidhi chumba badala ya mwenyekiti, na mimi nifukuzwe muhula ukiisha. Madirisha ya chumba cha mkutano yako mbali na maktaba, sikusikia neno. Niliwaona tu wanatoka mmojammoja na miavuli yao. Wanafunzi walishaenda bwenini. Nimebaki peke yangu na ile atlasi, hatimaye imeshika, naijaribu kufungua taratibu.

Nikasikia kikohozi. Karibu kabisa, upenuni, chini ya dirisha langu.

Miguu ikainuka tena, Mama, ndivyo ilivyofundishwa. Nimesimama na atlasi mkononi, mlango ni mmoja na yeye yuko upande huohuo, sijui nipite wapi. Nikamwona mgongo tu, koti lake la kijivu, ameelekeza uso barabarani. Halafu akasema. Tangu niolewe sauti ile sijawahi kuisikia ikinihusu.

"Mwambieni huyo aliyemo ndani asitoke."

Nje hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Mvua tu. Akasubiri kidogo, mtu angesema yupo anayeuleta ujumbe kwangu.

Nikajibu nikiutazama ukuta, "Mwambieni baba, nimekaa."

Akakohoa mara moja, akafungua mwavuli, akaondoka. Baadaye Ambakisye alinieleza yaliyosemwa mkutanoni. Baba yake amewaambia kwamba chumba alichomo mkamwana wake yeye hawezi kukikabidhi, na kiti cha uenyekiti hampi mtu. Basi. La kunifukuza halikuamuliwa, na mfanyabiashara ameshapata chumba karibu na stendi.

Mkuu wa shule bado anasema muhula ukiisha nitamjua yeye ni nani. Sawa, tutajuana. Lakini niambie sasa, Mama, hiyo radhi niipeleke kwa nani? Mzee mwenyewe amesema nikae. Na wewe nikukumbushe mwaka ule wa foleni za sukari kwenye duka la ushirika, mgambo alipokuambia uwapishe wake za wakubwa, ukakalia debe lako katikati ya mlango, mimi nimeshika kanga yako. Baba alikuja akakusihi, ukamwambia arudi nyumbani akapike. Leo unashangaa nimeyatoa wapi?

Nisalimie Baba, mwambie betri za redio nitatuma. Nisalimie bibi mzaa mama, mwambie asali yake imekwisha na vitukuu wanaulizia. Mjomba Petro, fundi wetu wa cherehani, mwombe uzi mnene wa kushonea turubai, wa huku unakatika nikishona vitabu. Shangazi Theresia mwimba kwaya mpe pole ya koo. Na shemeji akikuandikia tena, mjibu kwamba umenipata, mzima, na mahali nilipo panajulikana.

Ni mimi mwanao, nikiwa ndani,

Yustina