Pampu ya Bafu la Mama Yako

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu mimi mjomba wako, mtu ambaye watu wa mtaa huu hawakazi hata nati bila kumuuliza kwanza. U hali gani, na kazi yako ya umeme inakwendaje huko? Sisi ni wazima, ila mama yako bado anatembelea fimbo tangu apasuliwe nyonga, na mimi situlii kitini. Nakaa, nasimama, nachungulia bafuni, narudi kukaa.

Habari yenyewe ni hii. Mama yako hawezi tena kuinamia ndoo, na bomba letu la mvua lilikuwa linadondosha maji kama pua yenye mafua. Nikawatangazia majirani kwamba nitamfungia pampu, aoge amekaa kitini kama malkia. Nikasema niliwahi kufunga pampu za hospitali nzima nimefumba jicho moja. Mama yako akauliza jicho lipi, na hospitali ipi.

Fundi wa jirani akaja kutazama. Akasema pampu haichomekwi tu kama redio: inataka laini yake peke yake kutoka swichi kuu, na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Swichi ya kuwashia ikae nje ya bafu, pampu yenyewe ikae pasipofikiwa na maji, na waya wa ethi, wa kupeleka chini umeme unaovuja, ufike ardhini. Nikamwambia mimi nilikuwa nashika nyaya yeye bado ananyonya. Akacheka, akasema haya mzee, shika na huu, akaenda zake.

Nikafunga mwenyewe, kwa waya niliouvuta kutoka soketi ya chumbani kwangu. Ule wa kijani na njano, kumbe ndio ethi yenyewe, niliukata, nikidhani ni wa akiba, umewekwa endapo mwingine utaharibika. Pampu ikanguruma, maji yakaruka mpaka darini. Mama yako alipiga makofi mpaka fimbo ikamdondoka.

Tangu hapo namzuia. Nimesema saruji haijakauka, kisha rangi, kisha nikasema maji lazima kwanza yazoee bomba. Sasa amechoka na maneno yangu. Jumamosi asubuhi anaoga, na kiti chake keshakiweka mlangoni pa bafu.

Mpwa wangu, bomba lile nililigusa kwa kidole kimoja tu, likanitupa mpaka kwenye kapu la nguo chafu. Mama yako nilimwambia nimeteleza kwenye sabuni. Plagi nimeichomoa na ufunguo wa bafu ninao mfukoni, lakini kumwambia ukweli mdomo unakuwa mzito. Nakuomba ufike Ijumaa na vifaa vyako, uifunge upya yote kama alivyosema yule fundi. Naye pia nitamwomba radhi, ukishanitangulia mlangoni kwake.

Wasalimie wote hapo kwako. Ukifika, mama yako atakusimulia jinsi ninavyooga kila asubuhi huku naimba. Usimbishie. Nachomeka plagi chumbani ili asikie pampu ikinguruma, nafunga mlango wa koridoni ya bafu, naimba nimesimama humo koridoni na buti za mpira, mkavu kabisa, kisha nachomoa plagi na kujimwagia kichwani kikombe cha maji ya kunywa.

Ni mimi mjomba wako,
anayekungoja Ijumaa