Uwanja wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimefagia uwanja wa dada. Katoka na kikombe chake cha chai, kauliza mbona nimeacha majani pale katikati. Sikujua kama nimeyaacha. Miaka kumi na miwili kule Mikumi nilikuwa nazungusha ufagio sehemu moja nyuma ya jiko. Sasa mkono unazunguka hata huku Mabwerebwere, ambako hakuna aliyelala. Nimerudia kufagia.

Jumatano, 7 Mei

Talaka ninayo. Umebaki mgawanyo wa mali. Hamisi anataka nyumba iuzwe tugawane. Mnunuzi kapatikana, atajenga nyumba ya kulala wageni, na shimo la choo atalichimba nyuma ya jiko. Hamisi kanieleza hayo kwa simu, kachangamka kweli.

Hajui. Kwetu kichanga huzikwa na wanawake. Wanaume hawaendi, wala hawaulizi. Mwanangu alizaliwa hapumui. Mama mkwe akamfunga kwenye kanga yake, akamzika mwenyewe, mimi naangalia kutoka mlangoni. Hamisi aliporudi safari akaambiwa tu kwamba mtoto hakukaa. Wanaojua mahali ni sisi wawili.

Alhamisi, 15 Mei

Mahakamani Kilosa. Hakimu kauliza mchango wangu kwenye nyumba ile. Nilifyatua matofali, nikasema, nikabeba maji ya udongo, nikawapikia mafundi. Nikaomba isiuzwe, nipewe upande wa nyuma. Kwa nini nyuma, akauliza, na barabara iko mbele? Nikasema nataka nyuma tu. Kaburi la namna ile halitajwi mbele ya wanaume. Ndivyo nilivyofundwa, na aliyenifunda ni mama mkwe.

Shahidi wa Hamisi alikuwa yeye huyo. Kaapa, kasema nyumba niliikuta imesimama. Uongo mtupu. Matofali tulifyatua pamoja, mimi na yeye, mpaka kucha zikatoka. Leo nimemchukia kuliko mwanawe. Hata hivyo nje nilimwamkia, shikamoo mama. Kaitikia chini chini, macho pembeni.

Hakimu atakwenda kuiona nyumba mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Jirani analima bustani. Kila jembe likigonga, nasimama.

Jumanne, 20 Mei

Mikumi. Hakimu, karani, wazee wawili washauri wa mahakama, Hamisi, mama yake, mimi. Tumezunguka nyumba nzima. Nyuma ya jiko majani yameota, hakuna anayefagia. Hakimu akaenda akasimama palepale, akafungua jalada aandike. Nilitaka kusema.

Mama mkwe akasogea, akamshika hakimu mkono.

"Mwanangu, ondoka hapo. Pana mtu."

Akaeleza yote, mbele ya wanaume. Kwamba alichimba kwa kijembe cha kupalilia. Kwamba alisawazisha udongo kwa viganja. Kisha akasema na matofali alifyatua na mimi, kule mahakamani alidanganya kwa ajili ya mwanawe. Karani aliandika. Hamisi alirudi nyuma hatua mbili, akasita, hajui akanyage wapi.

Sijamsamehe mama mkwe. Lakini wakati wa kuondoka nilimshika mkono hadi barabarani.

Ijumaa, 30 Mei

Hukumu. Nyumba isiuzwe. Vyumba vya mbele na fremu ya duka ni vya Hamisi. Jiko, chumba kimoja na uwanja wa nyuma ni vyangu. Hakimu kasema kupika na kutunza nyumba nako ni juhudi, hata kama hakuna risiti. Dada kanitania, eti mwenzako kachukua mnofu, wewe umeng'ang'ania mfupa. Nikacheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia. Haikuwa furaha, haikuwa huzuni. Nimechoka tu.

Jumapili, 22 Juni

Nimeshahamia. Fundi kamaliza ukuta wa kututenganisha. Nimeng'oa majani, nimefagia, nimezunguka.

Alasiri Hamisi kagonga ukuta kutoka upande wake. Nikadhani kaja na ugomvi. Akauliza, alikuwa wa kike au wa kiume?

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza, na sisi hatukumwambia.

Wa kike, nikamjibu. Akanishukuru, akaenda kufunga duka.