Dari Niliyoipiga kwa Mikono Yangu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa mtoto, na leo nalitanguliza mbele ya salamu: zile bodi za dari ya nyumba yetu, kwa kadiri nijuavyo, zina asbesto. Usimruhusu fundi azibomoe. Asizikate, asizitoboe, asizigonge hata kwa kidole.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na mumeo, na wajukuu zangu? Mimi naendelea, kwa maana kwamba jana nilivaa shati bila kusaidiwa, kisha nikalala kupumzika kwa kazi hiyo. Shangazi yako ananitunza kama yai. Daktari ameacha kuniambia habari za mwakani, nami nimeacha kumuuliza.

Uliandika kwamba utaitoa dari yote kwa kuwa inavuja, ili nirudi kumalizia siku zangu katika chumba changu. Nilifurahi mpaka nikamsomea shangazi yako mara mbili. Kisha nikafika pale uliposema fundi anakuja Jumamosi na nyundo. Nikamwomba shangazi yako kalamu kabla sijamaliza ukurasa.

Asbesto ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimechanganywa na saruji. Bodi ikiachwa imetulia haina neno. Ikivunjwa, vumbi lake huingia kifuani likakaa huko hata miaka thelathini kabla mtu hajaanza kuugua. Kwa hiyo kifunge chumba kile kinachovuja, watoto wasiingie. Vipande vilivyoanguka usivifagie. Tafuta mtaalamu apime.

Ningepiga simu, lakini siku hizi pumzi yangu haifiki mwisho wa sentensi. Kalamu inanivumilia.

Baba yako


Tarehe 17 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii imekukuta na nafuu. Sisi wazima. Mjukuu wako mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo anakusalimu kwa miluzi.

Barua yako ilifika Jumamosi asubuhi, fundi akiwa tayari juu ya ngazi. Huyu tunamwita Nusu Saa, maana kwake kila kazi ni ya nusu saa, hata kujenga ghorofa.

"Shuka," nikamwambia.

"Dada, hii ni nusu saa tu. Napiga hapa, inakuja yote."

"Ndiyo sababu nakwambia shuka. Huenda ina asbesto."

"Aa, hizi nimezivunja tangu sijaota ndevu. Unaniona nimekufa?"

"Nakuona unakohoa."

"Hiyo inaisha kwa maziwa. Ukishapiga glasi mbili, vumbi lote linashuka."

"Linashuka kutoka kifuani kwenda wapi? Maziwa yanaingia tumboni, fundi."

Akajipapasa kifua kwanza, halafu tumbo. Kisha akashuka, ngazi moja moja, nyundo akaishika kama yai bovu.

Mtaalamu alikuja juzi na ovaroli nyeupe na barakoa kubwa. Watoto wakauliza kama anakwenda mwezini. Alinyunyizia maji bodi moja, akakata kipande kama ukucha, akakitia kwenye mfuko na pengo akaliziba. Majibu yatachukua wiki kadhaa.

Tangu hapo nikilala natazama juu. Baba, unakumbuka vile vipande vilivyobaki ulivyokuwa ukitugawia sisi watoto wa mtaa? Viliandika sakafuni vizuri kuliko chaki. Nilichora nyumba nzima pale barazani: jiko, kitanda, na Mama mwenye mikono mirefu inayofika mpaka getini. Nimejaribu kuichukia kumbukumbu hiyo nimeshindwa.

Nina swali, nawe unijibu kweli tupu, kama ulivyonifundisha kujibu. Kifua kilichomuua Mama kilikuwa pumu kweli?

Binti yako


Tarehe 2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Miluzi ya mjukuu imefika, nami namjibu kwa mdomo wenye mapengo zaidi ya wake. Hali yangu ni ile ile, ila sasa shati navalishwa.

Swali lako limelala nami siku nne. Niruhusu nizunguke kidogo kabla ya kulifikia.

Unajua nilikuwa mchora ramani katika idara ya ujenzi. Bodi zile zilibaki baada ya jengo la ofisi kukamilika, tukaruhusiwa kuzichukua. Nyumba yetu ilikuwa mabati matupu. Mvua ikinyesha, mimi na mama yako tulizungumza kwa ishara kama mabubu. Akasema anataka nyumba ambamo mtu anaweza kumwita mwenzake bila kupiga kelele.

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi nilikata bodi sebuleni kwa msumeno wa mkono, redio ikiimba, yeye ameshikilia ncha ya pili. Vumbi jeupe likatujaa nywele na nyusi. Siku moja alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka akasema, "Mume wangu, tumezeeka pamoja kwa siku moja." Tulicheka mpaka bodi ikatuponyoka. Kisha akashika ufagio. Mama yako unamjua, hakuacha hata punje. Alifagia pakavu, akanikung'uta nguo mlangoni kwa viganja vyake, ndipo akafua. Sijawahi kuwa na furaha kama mwaka ule. Sitaki nikufiche hilo nalo.

Pumu lilikuwa neno letu la nyumbani. Kule hospitali, daktari aliishika picha ya kifua mbele ya dirisha, akaniuliza kama mke wangu aliwahi kufanya kazi kiwandani, au mahali popote penye vumbi. Mama yako alikuwa kitandani ananitazama. Nikajibu, "Hapana, daktari. Ni mshonaji wa nyumbani." Akaandika. Alipotoka, mama yako aliniomba maji, nikampa. Hatukulizungumza, siku ile wala siku nyingine.

Baba yako


Tarehe 26 Mei

Baba,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya. Shangazi ameniambia kwamba unamsubiri mleta barua dirishani kila asubuhi, mpaka maskini siku hizi anapita uchochoro wa nyuma.

Nilikasirika, Baba. Niliandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza haikuwa na salamu kabisa.

Majibu yalitoka: ni asbesto, nyumba nzima. Nimepigwa picha ya kifua. Daktari anasema kwa sasa ni safi, nirudi kila mwaka. Tulihamia kwa mama mkwe wiki mbili, wakaja watu wanne wenye leseni. Walilowesha kila bodi, wakaiteremsha nzima nzima bila kuivunja, wakaifunga kwa plastiki maradufu. Nusu Saa alisimama ng'ambo ya barabara siku zote tatu za kazi hiyo, anatazama. Mwishoni akaniuliza taratibu ni hospitali gani wanapima vifua.

Niliporudi nikaingia sebuleni peke yangu. Sasa unaiona miti ya paa. Kote umeandika vipimo kwa penseli, kwa ule mwandiko wako ulionyooka wa kwenye ramani. Na karibu na mlango wa jikoni, chini ya kipimo kimoja, kuna mwandiko wa Mama: "Pima tena, bwana fundi." Nikakaa chini nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaona sina tena kile nilichotaka kukuandikia.

Mlikuwa wawili mnajenga nyumba. Hukujua, Baba. Nani alijua wakati ule? Na kwa daktari uliogopa. Hata mimi ningeogopa. Nimekusamehe, nataka ulisome hilo kwa maandishi yangu: nimekusamehe.

Chumba chako tayari, kina dari mpya ya mbao inayonukia. Nitakuja kukuchukua Jumamosi, tarehe 14 Juni. Watoto wameanza kugombana nani atakaa karibu nawe garini.

Binti yako


Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimemwomba shangazi yako anishikilie karatasi isisogee, kisha atazame pembeni. Anatazama pembeni.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Begi langu limefungwa tangu juzi, lipo mlangoni. Ningeweza kunyamaza. Ungekuja tarehe 14, ningelala katika chumba changu, na ningekufa nikiwa mtu aliyesamehewa. Hakuna kitu duniani ninachokitaka kuliko hicho. Lakini umeandika "hukujua", na msamaha wako wote umeusimamisha juu ya neno hilo.

Dari tuliianza sebuleni, tukaja chumba chetu, tukaja jikoni. Hapo sikujua. Hapo unaweza kunisamehe nami nikapokea. Kikabaki chumba chako.

Ndipo waraka ulipofika ofisini kutoka makao makuu. Kurasa mbili, zimepigwa chapa. Ulieleza ugonjwa, ukataja vifua vya watu waliokata bodi kama zile viwandani. Ulisema bodi zisikatwe kavu, mkataji afunike pua na mdomo, na watoto wasikaribie vumbi. Ulipita meza kwa meza, kila mmoja akisoma na kutia sahihi pembeni mwa jina lake. Mwenzangu wa meza ya pili alisema wakubwa wamekosa kazi. Nikacheka naye. Lakini nilikuwa nimeuelewa, mwanangu. Nilikuwa na elimu ya kuuelewa.

Nilikwenda nyumbani. Mama yako alikuwa ameshashona pazia la chumba chako, la njano, na ulikuwa ukimuuliza kila jioni utahamia lini. Ningemwambia, angesimamisha kazi siku ile ile, na angeniuliza juu ya vyumba vile vitatu. Sikutaka kuulizwa. Ndiyo sababu yenyewe. Nimeitafuta nyingine miaka yote hii sijaiona.

Ukiona huwezi kuja, usije kwa huruma. Begi litafunguliwa, wala sitakulaumu. Ukija, uje ukijua unamchukua nani.

Waraka niliutia sahihi Jumatatu. Dari ya chumba chako niliipiga Jumamosi ya wiki ile ile.

Baba yako